Kilo Nne za Shingo

Alhamisi, tarehe 4

Sikukuu inaanza kesho, siku nne mfululizo. Mama mkwe amefika na begi dogo. Ishara mbaya. Mke wangu hajakaa na mama yake tangu mwaka juzi, na shemeji yangu, kaka yake huyo muuza magodoro, ameshatangaza kuwa kwake chumba kiko tayari na mbuzi yupo. Mama kasema atalala kwetu kwanza, aone.

Mke wangu ameniomba kitu kimoja tu: chakula cha jioni kieleweke, mama asiondoke. Nimemwambia nyama choma kila siku. Akauliza kwa mfuko upi. Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa kidogo hakijawahi kunishinda.

Nimenunua kilo nne za shingo, bei ya kutupa. Muuza nyama mwenyewe alisita. Alisema yule ng'ombe alikuwa na umri wa kupiga kura.

Ijumaa, tarehe 5

Nusu ya nyama nimeikata kwa mkasi wa kazini (niliuosha). Vipande vyembamba, kwa mshazari, kama sketi ya kupanuka. Sinia likafurika. Nikajisifu mapema.

Moto ukavila kabla yetu. Vilivyosalia vilikuwa vyeusi, na ukivigonga vinalia. Shemeji, ambaye hakualikwa, aliuliza kama hizo ni sampuli. Mama alikula mkate mtupu, akasema ameshiba, asanteni sana. Mke wangu akaniachia sinia nilioshe.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Basi mimi si mshindani.

Jumamosi, tarehe 6

Asubuhi nilikuwa na mteja, bibi harusi mtarajiwa, kaja kujaribu gauni. Nikamweleza masaibu yangu pini zikiwa mdomoni. Akasema nyama ngumu hupakwa papai bichi lililosagwa, nusu saa tu, inalainika.

Nusu saa, kwa mzee yule? Nikaipaka papai zima saa nne asubuhi, nikaifunika, nikarudi kushona.

Saa moja jioni nikaiweka juu ya wavu. Nyama ikapita. Ilishuka katikati ya nyaya taratibu, kipande baada ya kipande, ikalala kwenye makaa. Shemeji akawaita watoto waje kuona.

Iliyobaki niliichota kwa mwiko, nikaipitisha kwenye kikaango, nikaipeleka mezani. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mama akaonja. Akaongeza. Akamaliza bakuli. Kisha akasema polepole kwamba magego yake yote yameng'oka tangu mwaka jana, na kila akitembelea watoto wake anapewa minofu ya kutafuna, naye humpa paka chini ya meza. Hakutaka kutusumbua. Mke wangu alilia. Shemeji alikagua viatu vyake kwa muda mrefu.

Jumapili, tarehe 7

Shemeji kaleta paja zima la mbuzi. Mama amemwambia alirudishe, au akalitafune kwanza yeye. Begi dogo limeingizwa kabatini: anakaa nasi hadi mwisho wa mwezi. Mke wangu anaimba jikoni, na mimi nimepewa kiti kizuri.

Wengine wangesema ni bahati. Wivu tu.

Jumanne, tarehe 9

Nimefungua duka. Bibi harusi kaja kuchukua gauni, nikamshauri asihangaike na mpishi, gharama za nini, nyama niachie mimi. Wageni ni mia mbili, wengi vijana wenye meno yao, lakini kitu kizuri hakichagui mlaji. Alikubali kwa shingo upande. Akanikumbusha mara mbili: nusu saa tu, fundi. Nikaitikia.

Muuza nyama ameuliza nataka sehemu gani. Shingo, nimemwambia, na kama kuna ng'ombe mzee kuliko yule, asinifiche.

Mapapai nimeagiza gunia zima. Harusi ni Jumamosi. Nitaanza kupaka Alhamisi, niwe na uhakika.