Mama Yangu wa Miaka Saba na Piano ya Kanisa

Jumatatu, 3 Machi 1958

Siku kubwa! Bibi Peterson, mke wa mchungaji wetu hapa Nakuru, ametangaza kwamba atafundisha mtoto mmoja piano. Mmoja tu! Jumamosi watoto watapiga mbele yake kanisani. Atakayechaguliwa atafunzwa kila jioni mpaka afanye mtihani unaotoka Uingereza. Wengine ndio basi. Piano itafungwa kwa ufunguo, kwa sababu watoto wa shule ya Jumapili wameizoea mno. Juzi kuna aliyeacha ndizi ndani.

Binti yangu Wamaitha ana kipaji. Sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni baba. Mwaka jana alimsikia Bibi Peterson akipiga kipande cha Mjerumani fulani aliyekufa zamani. Ibada ilipokwisha, alipanda kiti cha piano akakirudia kipande chote kwa vidole viwili. Bibi Peterson alilazimika kukaa chini. Tangu hapo humwonyesha kidogo kidogo. Mtoto akikosa piano wiki moja, chakula hakipiti. Jioni hii ameniuliza kama kufuli hufunguka kwa msumari. Nimemwambia asijali, baba yuko.

Adui ni Kiplangat, jirani yetu hapa nyumba za reli, mpunga bendera wa stesheni. Binti yake Cherono naye anapiga.

Mbinu ya kwanza: piano ya nyumbani. Nimeazima rangi stoo ya reli (stoo hawajui) nikachora vitufe juu ya meza ya chakula. Cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, mpaka ukingoni. Kazi safi! Wamaitha ametazama, akasema piano haiko hivyo, vyeusi hukaa viwili halafu vitatu. Nimemweleza kwamba hii ni ya kisasa.

Jumanne, 4 Machi

Rangi haijakauka. Mke wangu Wariara aliweka ugali mezani bila kufikiri. Nimekula ugali wenye milia. Wariara amechukua sahani yake akaenda kulia jikoni.

Mbinu ya pili: vidole. Vya Wamaitha ni vifupi. Nimechonga vijiti vya kuvitanua, nikavifunga kwa kamba, kiganja hiki na kile. Nikaamuru mazoezi. Akasema amechoka.

Hapo ndipo ilipo taabu ya nyumba hii. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na mwenye jina ndiye mwenyewe. Kwa hiyo Wamaitha ni mama yangu. Namwita mama. Na mtu hamfokei mamake. Nikasema haya mama, pumzika. Lakini vijiti sikuvitoa.

Jumatano, 5 Machi

Mama mwenyewe, yule mkubwa, amefika kwa treni kutoka Gilgil, kibali chake cha kusafiri kikiwa kimefungwa kwenye pindo la leso. Amesikia Wamaitha atapiga piano mbele ya Wazungu. Hasemi "atapiga". Anasema "nitapiga". Amewatangazia majirani wote.

Kisha akaona vijiti. Lo! Alinyoosha vidole vyake mwenyewe chini ya pua yangu, akaniuliza hivi Nderitu, mimi niliyekuzaa, unanifunga mikono kama mwizi wa kuku? Majirani wakasema kumfunga mama mikono lazima kuwe na faini. Nimetozwa kondoo. Nikajitetea kwamba hiyo ni sayansi. Ikawa kondoo mnono.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya tatu: upelelezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Jioni nimekwenda kwa Kiplangat, eti kuomba kiberiti. Kiplangat, bila haya, amenikaribisha vizuri. Amesema karibu sana bwana karani, kaa, maziwa yapo. Amenimiminia mursik kutoka kibuyuni. Mtu hawezi kukataa. Nikamiminiwa tena. Nikasahau kilichonileta.

Mpaka nilipotazama pembeni! Wamaitha yuko mle ndani! Amekaa na Cherono kwenye benchi, wanagonga mbao kwa vidole na kucheka. Anamfundisha ile sehemu ngumu. Nimemvuta kando nikamwambia adui hafundishwi. Amenijibu nyamaza baba, tunahesabu.

Nimenyamaza. Ni mama.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu kubwa kuliko zote. Niliwahi kuchungulia dirisha la klabu ya Wazungu wakati mtu anapiga piano. Alipomaliza walisimama wote wakapiga makofi kama mvua ya mawe. Ndiyo siri! Mwenye kupigiwa makofi mengi ndiye fundi.

Nimewakusanya makuli wa stesheni, vifua kama milango, nikawafunza nyuma ya ghala. Nikipunga leso nyeupe: makofi, vifijo, mtoto juu begani. Kipkemboi, kiongozi wao, aliuliza tutajuaje kwamba amemaliza. Swali la kitoto. Nimemwambia sauti ikikatika, amemaliza. Muziki naujua mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Cherono alianza. Alipiga vizuri, akapotea kidogo, akarudi njiani. Kiplangat aliitafuna kofia yake muda wote. Nilimhurumia, kidogo.

Kisha Wamaitha. Miguu haifiki chini. Akaanza. Jamani! Kanisa lilitulia. Mama mkubwa alikaa mdomo wazi, akitazama vidole vyake. Kisha kimya. Sauti imekatika!

Leso!

Makuli wakalipuka. Kipkemboi alimnyanyua mtoto kitini. Mama mkubwa akapiga vigelegele. Wakazunguka kanisa wakiimba, viti chini, vitabu vya nyimbo chini. Bibi Peterson alisimama mkono kifuani. Kiplangat alifunika uso, nikajua ni wivu.

Ndipo niliposikia sauti nyembamba kutoka begani. Ilikuwa inasema sijamaliza. Hapo ni pahali pa kunyamaza tu, pameandikwa, sehemu ya pili bado!

Kumbe Mjerumani naye hupumzika.

Wakamshusha. Alikuwa analia. Akanitazama kwa lile jicho ninalolijua tangu nilipokuwa nachunga mbuzi, na kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina. Alisema, "Nderitu. Toka nje." Nikamgeukia mama mkubwa aniokoe. Akasema, "Si umesikia nilivyosema?"

Nikatoka, na makuli wangu nyuma. Tukasimama chini ya dirisha, pale zinapoegeshwa baiskeli. Niliogopa. Niliona nimemfungia mtoto ile piano kwa mkono wangu mwenyewe.

Akaanza upya. Akafika pale pa kimya. Nilijishika mikono. Halafu ikaja sehemu ya pili, polepole. Sijui yule Mjerumani alitaka nini, lakini nililia, mimi karani mzima, mbele ya makuli. Kipkemboi alinipa leso. Yeye pia alikuwa ameitumia.

Amechaguliwa! Bibi Peterson amesema vidole hufunzwa, lakini mtoto wa kuvurugiwa namna ile kisha akaanza tena ametulia, hajamwona popote. Wamaitha ameomba Cherono awe akimgeuzia kurasa. Amekubaliwa. Sharti la Bibi Peterson ni moja: siku za mafunzo baba asionekane karibu na kanisa.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Ni wazi kwamba nilishinda mimi. Bila makuli, Bibi Peterson angejuaje kwamba mtoto hababaiki? Nimemweleza Kiplangat, akacheka mpaka bendera ikamwanguka. Wivu haufichiki. Tena sharti linamtaja baba tu. Halikumtaja Kipkemboi. Kesho atakuwa dirishani.

Na habari kubwa! Wariara amenong'ona leo kwamba tunatarajia mtoto mwingine. Nina hakika ni wa kiume. Huyo ni fidla! Ataanza kabla ya kuota meno, na mwalimu wake nitakuwa mimi mwenyewe, bila mtu wa kunifukuza mbele ya watu. Wanaume tutaelewana. Nimeshachagua hata jina, au niseme desturi imenichagulia: ataitwa Mathenge, kwa heshima ya marehemu baba yangu, mzee aliyenichapa bakora hata baada ya mimi kuota ndevu.