Hotuba ya Kuunganisha Section ya Ng'ombe na Section ya Mashamba

Miye Baudouin, Président wa Comité ya Institut yetu ya communauté hapa Bigo, mu Bunia, niko na miaka makumi saba na tatu, na nimepita vitu mingi. Nimepita Wabeleji na fimbo yao, nimepita Basimba, wale waasi, na maji yao ya dawa, nimepita Zaïre na abacost yake, ile koti ya bila tai, na nimepita docteur mwenye aliniambia sitaona Noël. Yeye njo hakuiona. Kwa hiyo hii vita ya sasa isifikiri inanitisha. Hotuba hii niliisema mbele ya watu, na naiandika kwa mukono yangu mwenyewe, juu Secrétaire alienda. Mu mabano nimeweka vile watu walifanya, ili hata mwenye hakufika ajue ginsi walinipigia makofi.

Mheshimiwa Commandant wa mji, yule wa leo, na kama wakati namaliza kunakuwa mwengine, salamu ni yake pia, asinilazimishe nianze upya, Mheshimiwa Lieutenant, mwenye Commandant amemutuma kukaa ku kiti yake, Bwana Chef wa quartier, Mapadri na Wachungaji, kila mutu na kanisa yake, Professeur Hippolyte, mwenye peke yake ni walimu wetu wote, wazazi, wakimbizi wenye munalala mu masalle zetu za masomo na munapika hapa mbele yangu, na moshi yenu inanifikia vizuri, wanafunzi wote wawili, na weye bibi yangu, Mama Geneviève, mwenye nilikuomba ubaki nyumbani:

(Makofi mingi. Mama Geneviève hakupiga.)

Mbele ya yote, desturi. Mukubwa mupya akifika hapa kwetu, anapokelewa na nyama yenye iko na miguu ine. Na miye sijakosa kupokea mukubwa hata mumoja mu hii vita, muulize ng'ombe zangu, kama mutaipata ya kuuliza. Imebaki moja, ile nyekundu, na leo Lieutenant ataondoka nayo, ampelekee Commandant na salamu ya Comité, mikono yake haitarudi mitupu, nimesema.

(Lieutenant aliamuka. Mama Geneviève alisema kitu, siandiki.)

Sasa tuingie mu dossier. Tangu Institut hii ianze, na ilianza juu miye nilitoa kiwanja wakati wengine walitoa mashauri, ilikuwa na section mbili, section ya ng'ombe na section ya mashamba, na mu katikati ukuta ya matofali. Mutaniuliza: Président, ukuta ya nini? Ukuta juu watoto wa ng'ombe walisema watoto wa mashamba wananuka udongo, na watoto wa mashamba walisema ng'ombe ya wale imekula maharagi yao ya majaribio, na wote munajua, hapa kwetu, maneno ya namna hiyo inaanzaka ku maharagi na inaishiaka wapi.

(Mutu mumoja alikohoa.)

Kwa hiyo Comité, njo kusema miye, juu memba wengine wamekimbia, ilikaa mu kikao ya hali ya juu, ikakubaliana bila mutu wa kupinga, na ikapitisha réforme, restructuration, harmonisation na rationalisation ya programmes, vitu ine kwa mara moja, ambayo hata Kinshasa haijajaribu. Maana yake ni hii: section mbili zinakuwa Faculté moja, Faculté ya Ng'ombe na Mashamba, yenye kibao yake munaiona pale ku mulango. Bruno mupaka-rangi aliimaliza leo asubui. Haijakauka. Musiiegemee.

(Makofi. Mutu mumoja aliiegemea.)

Niwape chiffres, hesabu yenyewe, juu mukubwa bila chiffres ni sawa jogoo bila sauti. Mbele ya vita tulikuwa na walimu kumi na mumoja. Leo tuko na mumoja: hiyo njo rationalisation, na Ulaya wanaitafuta mpaka leo. Wanafunzi wenye hawakukimbia, cent pour cent, mia kwa mia, wako hapa. Kuchelewa masomo imeisha kabisa, juu saa ya kuanza haijulikane. Section ya samaki, kule Kasenyi ku ziwa, tumeisimamisha kidogo, juu siku hizi ile barabara inashuka, haipandi, mwenye anaenda harudi. Lakini hatukurudi nyuma. Tumefungua tawi ku Ariwara, karibu na mpaka. Tawi ni Secrétaire wetu Nicolas. Alienda kule na machine ya kuandika, na tunamungojea na rapport.

(Professeur Hippolyte alinyoosha kidole. Nilimwambia aishushe, chiffres bado ilikuwa inatembea.)

Sasa, mu njia watu wananishika shati, wananiuliza: «Muzee, unageuza programme, na hawa watoto wenye walianza ile ya zamani, unawatupa?» Najibu mbele ya mégaphone ya paroisse, ile ya Mapadri, ili isikike mpaka ku soko: hakuna mwanafunzi atatupwa. Mwenye alianza na ng'ombe atamaliza na ng'ombe. Mwenye alianza na udongo atamaliza na udongo. Faculté itawachukua ku mukono, mwaka yao ya mwisho, mpaka diplôme. Na ili muone si maneno ya hewa, nawasoma majina kutoka hii karatasi. Denise. Fiston.

(Hapa kulikuwa kosa, na haikuwa yangu. Siku hizi mu Bunia, mukubwa akisimama na karatasi akasoma majina mbele ya watu, ni moja ya mbili: ni wenye wamekufa, ao ni wenye wamepata diplôme. Watu waliangalia Denise, wakaangalia Fiston, wakaona wote wawili wako wazima. Basi ikawa ni diplôme. Mama Véronique, mama yake Fiston, akatosha mu kikapu yake kopo ya poudre, ile nyeupe ya kujipaka, sijue alikuwa anatembea nayo tangu lini, akawamwagia wote wawili ku kichwa, vile tunafanyakia mutoto akifaulu. Vigelegele ikapanda. Wakimbizi waliacha sufuria ku moto wakaingia mu ngoma. Lieutenant naye alipata poudre. Miye nilitaka kusema ngojeni, lakini walikuwa wamekwisha kuninyanyua.)

Aksanti. Aksanti, munishushe. Kofia yangu iko na nani?

(Denise peke yake hakucheza. Huyu mutoto ni wa ng'ombe. Baba yake alikuwa na kundi ku Djugu, leo hana hata kamba. Alisimama na poudre ku nyusi, akasema: «Papa Président, hii poudre ni ya mwenye amemaliza. Miye sijamaliza.»

Nikamwambia: «Mutoto, pokea tu. Hauone watu wamefurahi?»

«Nikipokea leo, kesho watasema huyu alishapataka, afundishwe tena nini? Nitakuwa docteur wa ng'ombe mwenye hakugusa ng'ombe ikizaa. Sitaki poudre, Papa. Nataka ng'ombe.»

Ngoma ikasimama. Unasikia tu sufuria.)

Mutoto, ng'ombe zitakuja. Faculté imepanga, mu phase ya pili…

(Hippolyte hakunyoosha kidole tena, alisimama tu. Akasema: «Président, règlement ni yetu, na weye njo ulitia signature. Mwanafunzi wa ng'ombe hapati diplôme kama hajazalisha ng'ombe mbele ya mwalimu wake. Na mu Bigo muzima kumebaki ng'ombe moja tu yenye mimba.»

«Ya nani?» nikauliza, juu sikuwa na haraka ya kujua.

Mama Geneviève akajibu kutoka nyuma, na yeye hatumiake mégaphone: «Ile umefunga nyuma ya jiko yangu, muzee. Ile umemupa Lieutenant mbele ya mapadri.»

Kicheko. Fiston naye akajiingiza, mutoto wa mashamba, mpole siku zote: «Na miye, Papa, hiyo ng'ombe ikienda, mbolea nitatosha wapi? Maharagi yangu pale nyuma ya jiko iko inakula yake.»

Mama Véronique akashangaa: «Fiston, kumbe wanakufundisha mu jiko ya Président?»

«Mama, na masalle ndani iko watu wanalala?»

«Na huyu binti wa ng'ombe, munakaa naye?»

«Banc iko moja, Mama.»

Mama Véronique aliangalia Denise kutoka juu mpaka chini. Tangu vita ianze hawa wa ng'ombe na hawa wa mashamba hawakunywa maji ku kikombe moja. Akauliza: «Anakuachia nafasi?»

«Anasukumaka,» Fiston akasema.

«Yeye njo iko na magoti marefu,» Denise akasema.)

Silence. Silence mu salle, hata kama ni inje. Muko na Président wa namna gani, munafikiri? Président hageuzake neno. Nilisema mikono ya Lieutenant haitarudi mitupu, na haitarudi. Nilisema pia hakuna mwanafunzi atatupwa, na ile niliisema na mégaphone, ya Lieutenant niliisema na mudomo tu. Kwa hiyo, kwa uwezo yote ya Comité, hapa nimesimama, natia ile ng'ombe nyekundu mu organigramme, mu orodha ya idara za Institut. Kuanzia saa hii si ng'ombe yangu. Ni Laboratoire. Na Laboratoire haipewake mutu. Nikiipa Commandant wa leo, ambaye namuombea miaka mingi ku kiti, wa kesho ataomba nini? Ataomba Professeur Hippolyte. Na siye tutabaki tunazalisha kamba.

(Makofi, na hii mara hata Mama Geneviève, mara mbili. Lieutenant hakupiga. Aliweka mukono ku mukanda, na watu wenye walikuwa karibu yake wakakumbuka kazi mbali.)

Mon Lieutenant, usisimame bado. Bruno, tosha ile kibao ku mulango. Polepole, rangi. Mon Lieutenant, mu hii mji wakubwa walipewaka ng'ombe, mbuzi, hata jeep. Hakuna mumoja alipewa Faculté nzima. Ichukue. Ni mbao ya libuyu, muti ngumu, hailiwake na mchwa, rangi mbili, na maandishi.

(Lieutenant aliangalia kibao, akaniangalia. Hasira na kicheko zilikuwa zinagombana ku uso yake, na poudre bado iko ku pua. Akasema: «Muzee, Commandant ananituma ng'ombe, weye unanipa mbao?»

Nikamwambia: «Mbao yenye imesoma.»

Aliigeuza, akaangalia nyuma yake. Miye nilikuwa nahesabu watoto wangu, kama wote wako na nguo ya kilio. Kisha akaipiga na kidole, akasikiliza, akasema ni nguvu, itakuwa meza, juu tangu wafike wanaandikiaka ku magoti. Akaibeba ku kichwa. Akaondoka na rangi mu mikono yote mbili.)

Sasa musimame wote, tufunge kwa nguvu.

Réforme, oye. (Oye.)

Ng'ombe na mashamba, oye. (Oye. Watu wa mashamba waliomba nianze na mashamba.)

Mashamba na ng'ombe, oye. (Oye. Wengine wakakasirika.)

Banc moja, oye. (Oye, ya watu wote, na hii sikuiandika mu karatasi, ilinitoka yenyewe.)

Namaliza na shukrani. Namushukuru Bruno, juu rangi yake njo ilikuwa réforme yote, na réforme ile pale, munaiona, inakata kona ku kichwa ya Lieutenant. Programme mupya haiko, haikuandikwa. Machine iko Ariwara. Walimu wapya hawako. Faculté ilikuwa ile mbao. Namushukuru bibi yangu Geneviève, mwenye aliunganisha section mbili tangu mvua ya kwanza bila kikao na bila organigramme, juu alikuwa na banc moja na hakupenda kelele. Lakini jiko ni yangu, kwa hiyo muandike ni miye. Namushukuru Denise na Fiston, wenye walikubali kuwa Institut wakati Institut ilikuwa imekwisha. Masomo ni kesho asubui, nyuma ya nyumba. Laboratoire iko inakula.

(Makofi ya mwisho, marefu, mpaka wali ya wakimbizi iliungua.)

Mwenye atasema nimeongeza chumvi, aulize Professeur Hippolyte, aulize Bruno mwenye bado anadai pesa ya kibao yake. Aulize Mama Véronique: jioni ile alishika kopo, na Denise akainama mbele yake, na ile mama wa mashamba akamupangusa poudre mu nywele na ncha ya kitenge, polepole, akiirudisha mu kopo, juu alisema poudre haipatikane tena na huyu mutoto ataihitaji. Kopo iko mu jiko yangu, karibu na chumvi, na hakuna ruhusa ya kuigusa, hata miye. Mutu akipita, achungulie. Siku ataikuta tupu, basi ng'ombe imezaa.