Uvimbe wa Mwanangu na Heshima Aliyonyimwa

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Wodi ya Saratani,

Salamu nyingi kwako na kwa wazazi waliokusomesha. Mwanangu hakuhitaji kusomeshwa sana, akili alikuja nayo. Mimi ni mama wa yule fundi friji wa kitanda cha dirishani, na ninaandika kuzuia sindano yake ya pili mpaka nijibiwe haya.

Kwanza. Mlipoukata uvimbe wa kwapani, mliupitisha mbele yangu ndani ya kiboksi cha barafu, kimya, kama mmebeba samaki. Mwanangu hajapelekwa popote bila mimi kumsindikiza, hata siku ya kuoa. Ule uvimbe ni nyama yake, na nyama yake niliifinyanga mimi.

Pili. Kijana wa maabara alinieleza vizuri, abarikiwe. Seli za uvimbe hurudishwa mwilini kwa sindano ili askari wa mwili wazikariri sura, kisha wakazisake zile zilizobaki shingoni. Nikasema sawa, kikulacho ki nguoni mwako. Akaongeza kwamba kwanza huuawa kwa mionzi. Daktari, mwanangu alikuwa wa kwanza darasani. Seli zake zingewafundisha hao askari mpaka wapate vyeti, nanyi mnawapelekea mwalimu maiti?

Tatu, friji. Mmeziweka seli za fundi friji kwenye friji ambayo fundi mwenyewe hajaisikiliza mota. Mimi nimeisikiliza, nimetega sikio mlangoni. Inakohoa.

La nne ndilo linaloninyima usingizi. Mnasema dawa hii ni ya mtu mmoja tu. Mwanangu hajazoea kula peke yake, nikaomba mzee mwashi wa kitanda cha jirani aonjeshwe japo tone. Nesi akacheka, akasema hiyo ni sawa na kumpa askari picha ya mwizi wa mtaa mwingine. Kwa hiyo sasa mwanangu ni mwizi?

Halafu kichupa cha seli zake. Kina tarakimu tupu, jina la mama halipo. Mtu akikiokota atajuaje kimetoka ukoo gani?

Basi nataka seli hai, friji ikaguliwe na mwanangu akipata nguvu za kushika bisibisi, mzee agawiwe, nami niwekewe kiti maabara ili seli zisione upweke. Bila hayo, mkono wa mwanangu hauguswi. Nimekaa kando ya kitanda chake, na mimi si mwepesi kuinuliwa.

Nisalimie nesi aliyecheka, kijana wa maabara, na mlinzi wa getini anayejifanya haioni chupa yangu ya chai.

Ni mimi niliyemzaa,
Mama Fundi

Nyongeza: Nilikuwa naikunja barua, mwanangu akaniita nimfunge kifungo cha kola. Ni lile shati ambalo uvimbe wa shingoni ulikuwa unalikatalia kufungwa kabla ya sindano ya kwanza. Kimefunga. Nikakifungua, nikakifunga tena, kikafunga. Daktari, leteni sindano ya pili hata sasa hivi. Seli ziwe zimekufa kabisa, zisiwe na jina, na kiti msinipe. Mkono nitaushika mimi mwenyewe.

Ila friji inakohoa kweli.