Mabati ya Kutegesha

Jumatatu, 4 Machi 2013

Nimerudi Nyangoto na teksi ya Ouko, jirani yangu wa nyumba ya pili. Kosa kubwa! Yule bwana hana haraka na dunia. Nimemuuliza kwa nini kila siku saa sita mchana anapaki gari wakati abiria wamejaa stendi Tarime. Amesema saa sita anakula. Na baada ya kula? Analala. Na baada ya kulala? Omera, ndugu yangu, anaamka. Nimemweleza kwamba mtu mwenye akili angeshakuwa na teksi tatu. Akauliza hizo nyingine mbili ataziendesha kwa miguu ya nani. Abiria wa nyuma wakaangua kicheko. Masikio yangu yalipata moto. Mimi Protasi, niliyeacha migomba ya baba Muleba nikafuata dhahabu huku, nichekwe kwa ajili ya mtu anayelala mchana!

Ila mvivu naye ana faida yake. Tulipokaribia nyumbani akaanza kunisimulia, taratibu kama kawaida yake, kwamba asubuhi amebeba wapimaji wa mgodi. Kofia ngumu, tepu, makopo ya rangi. Wamefika kwa Mogesi, pale juu penye mihogo, wakamwamuru Ouko asimame. Mmoja ameshuka mbio, ameingia kwenye mihogo, ameinama huko muda mrefu sana. Sikungoja mwisho wa hadithi. Nimeshuka gari halijasimama sawasawa!

Maana hapa hata mtoto anajua. Mgodi ukitaka eneo, unalipa fidia: nyumba, choo, mti. Basi mwenye macho anategesha. Anajenga chapuchapu pale penye tetesi, anakaa mkao wa kula. Mogesi alitegesha mwaka juzi, na leo anavaa miwani ya jua hata kanisani.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mogesi. Tumeelewana: ardhi yake, nyumba yangu, fidia nusu kwa nusu. Ameniita mura, yaani kijana wa kiume kwa Kikurya, amenipiga bega mpaka nimekohoa. Tumeshikana mikono. Karatasi ya nini kati ya wanaume?

Miti ipo. Tope lipo. Tatizo mabati. Nimerudi nyumbani nikaketi kufikiri, nikatazama juu. Ala! Mabati haya hapa! Yamekaa tu juu ya vichwa vyetu miaka yote, hayazalishi kitu.

Generoza, mke wangu, ameniona ninavyotazama. Ananijua. Amesema nikigusa bati hata moja, atakwenda kwa dada yake Felista kule Morotonga, na hatarudi mpaka nyumba iwe na paa. Amenikumbusha kwamba nyumba hii tumeijenga wote, yeye kwa maandazi ya kila alfajiri, mimi kwa mawazo. Nimemuapia kwamba sitagusa.

Jumatano, 6 Machi

Nimegusa.

Generoza alikwenda gulioni. Nilidhani nitabandua machache tu ya jikoni, lakini kazi ikinoga huwezi kuiacha njiani. Ouko alikuwa amejinyoosha kivulini kwake. Akauliza ninafanya nini juu huko. Nikamjibu kwamba ataona. Akasema nishuke kidogo, ile hadithi ya juzi hakuimaliza. Nikamwambia hadithi ni za watu wanaolala mchana! Akasema haya, akageukia upande wa pili.

Jioni Generoza amerudi, ameona nyota kutoka chumbani. Baadaye akasema neno moja: Jumapili. Jumapili ikimkuta hana paa, anaondoka. Nimemwambia Jumapili atakuwa mke wa tajiri. Amefunika kitanda kwa turubai na kulala bila kula.

Nampenda sana. Ndiyo maana sirudi nyuma.

Ijumaa, 8 Machi

Imesimama! Kuta zina tope bichi na mlango haufunguki, lakini nyumba ya kutegesha haihitaji kuwa nyumba. Inahitaji kufanana na nyumba. Nimetundika pazia la Generoza dirishani, nimeweka sufuria mlangoni na ndala za mtoto nilizookota barabarani. Familia kamili! Mogesi amevua miwani ili aione vizuri. Amenisifu.

Mvua imenyesha usiku kucha. Masika yameingia. Generoza anakinga maji kwa beseni la maandazi. Unga wote umelowa. Nimemwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Amenitazama mpaka nimehamia upande wangu wa turubai.

Jumamosi, 9 Machi

Wapimaji wamekuja! Nilisikia gari asubuhi, nikavaa koti la harusi, nikakimbia juu kwa Mogesi. Nimesimama mlangoni kwangu, mkono mmoja kiunoni, kama baba mwenye nyumba. Nimesimama. Nimesimama. Jua limenichoma, mbuzi wa Mogesi wamekula ndala moja. Hakuna mpimaji. Alasiri nikashuka kuangalia wamechelewa wapi.

Yesu na Maria! Wamepima upande wa chini. Barabara yetu! Nyumba ya Ouko ina namba ya rangi nyekundu ukutani, mbichi kabisa. Nyumba yangu haina namba. Ina msalaba.

Majirani wamenisimulia kwa furaha kubwa. Mthamini alifika kwangu, akaona kuta bila paa, akauliza kama kuna mtu anaishi humo. Generoza alikuwa mlangoni anakamua blanketi. Akamjibu kwamba hapa haishi mtu mwenye akili. Mthamini akaandika: pagala. Na pagala halilipwi!

Nimemfuata Ouko. Nimemuuliza wale wapimaji walisimama kwa Mogesi kufanya nini. Akajibu kwamba ndicho alichotaka kunimalizia. Yule mmoja alikula sambusa za stendi, tumbo likamgeuka njiani. Mihogo ya Mogesi ilikuwa karibu.

Na Ouko hata hafurahii fidia! Aliwauliza wapimaji kama mgodi hauwezi kupitia upande mwingine, maana hapa kivuli ni kizuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimepanda kwa Mogesi kuyashusha mabati yangu. Amesema kilichosimama kwenye ardhi yake ni chake, ila kwa kuwa tulisema nusu kwa nusu, nichukue nusu. Nusu nyingine anaezekea banda la mbuzi.

Generoza ameondoka. Ouko amempeleka Morotonga na hakutaka nauli. Kabla ya kuwasha gari ameniambia nusu hiyo inatosha kufunika chumba cha kulala, kesho atakuja kunishikia ngazi. Generoza amesikia. Ametazama yale mabati, kisha akanitazama mimi. Nimeumia, sifichi. Nyumba bila Generoza ni pana mno.

Nimekaa peke yangu nikafikiri kama mwanaume. Na nimegundua siri! Ouko hakutafuta, akapata. Mimi nilitafuta, nikakosa. Kumbe kuridhika ndiyo biashara yenyewe! Mjanja kweli yule, amenificha miaka yote. Sasa na mimi nitaridhika, tena kwa bidii. Nitaridhika asubuhi, yeye akiwa bado yuko stendi. Saa sita atanikuta nimeshamtangulia. Generoza akirudi atakuta mume mwingine kabisa.

Kinachohitajika ni vifaa tu. Mogesi ana kiti kirefu cha kulalia, cha kitambaa, kina mpaka mahali pa kuwekea kikombe. Amekubali tubadilishane kwa mabati yaliyobaki, anataka kumalizia banda la mbuzi. Nimemwahidi kumpelekea alfajiri, kabla Ouko hajaja na ngazi yake.

Ouko mwenyewe hana kiti kama kile.