Sanduku Zito Lililofika Jambiani

Mwembetanga, Unguja
Julai 1970

Kwa Mzee wangu Mkadam, Jambiani,

Shikamoo. Natanguliza heshima, kwa kuwa maneno yanayofuata nyuma yake hayatakupendeza. Mimi ni yuleyule Jaku, mchumba wa mwanao Mwanakheir, ambaye nasikia siku hizi jina langu halitajwi kwenu bila ya mtu kutema mate. Mwili wangu mzima, roho ndiyo imechafuka. Nimeambiwa kwamba Ijumaa hii unakusudia kumpa jibu mposaji mwingine, Simai wa Makunduchi, mtu asiye na gari wala baiskeli. Kabla hujafanya hivyo, yasikilize malalamiko yangu, nami nimeyatia namba ili usichoke.

1. Nalalamikia vigelegele. Sanduku langu la harusi lilipoteremshwa kwenye lori, wachukuzi wakilibeba huku magoti yanawatetemeka, wanawake wa Jambiani walipiga vigelegele hata watu wa Paje wakatoka nje kuuliza kulikoni. Bi Tabia, mama mkwe wangu mtarajiwa, aliwaambia majirani kuwa sanduku jepesi hutoka kwa watu wepesi. Kisha mbao zikabanduliwa, gunia likafunuliwa, likaonekana sanduku la gia la lori limelala kwenye grisi yake. Nauliza kwa adabu: uzito ulipungua? Kigelegele kilichokwisha kupigwa hurudishwa kooni? Zawadi ilikwisha kupokewa kwa shangwe, na kilichopokewa kimepokewa.

2. Kosa halikuanza kwangu, lilianza kwa kuipenda lugha. Mafundi wote wa mjini husema giaboksi. Mimi, tangu Kiswahili kilipotukuzwa kuwa lugha ya taifa, niliapa kutotumia neno la kukopa palipo na letu, ndiyo maana nasema sanduku, na hilo neno gia lenyewe bado nalitafutia dawa. Basi nilimwagiza binamu yangu Bakar, aliyeko Dar es Salaam, aniletee masanduku mawili: moja la gari, moja la harusi. Bakar ni mtiifu. Aliyafunga yote mawili kwa mbao na magunia, akaandika juu ya kila moja: SANDUKU LA JAKU. Wachukuzi wa bandarini walipokuja kuniuliza lipi liende Jambiani, nilikuwa chini ya gari, nikawapigia kelele kuwa la harusi ni lile zito. Mzee wangu, wewe ungejibuje? Kwa mila zetu pana bwana harusi anayejisifia sanduku jepesi?

3. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Wanasema nimewaletea chuma chochote kilichookotwa jaani. Hasha! Gari yangu ile ndogo ya kijivu niliitoa injini yake nikaitia ya lori lililopinduka Tunguu. Tangu hapo hukimbia kama iliyoiba, lakini sanduku lake la asili halikuiweza kazi hiyo. Gia ya pili iling'oka meno Bungi, ya tatu ikazikwa Kitogani, nikarudi mjini kinyumenyume huku mbuzi wananipita.

Fundi Machano alinishauri nitie sanduku la teksi, jepesi na rahisi kuingia. Nikakataa, maana lingesagika vilevile. Akanionyesha la Landrova, imara kweli, ila mkono wake ungetokea kiti cha nyuma, na ingebidi Bi Tabia awe ananibadilishia gia. Namjua Bi Tabia, nikaliacha. Mwisho nikachagua la lori la Bedford, lenye meno mapana, lililokwisha kubeba karafuu na kokoto bila ya kulalamika. Nimelala nalifikiria, nimeamka nalifikiria, nimelipapasa kila jino kwa kidole. Nguo na manukato ya Mwanakheir nilimwachia Bakar achague apendavyo. Sasa wewe mwenyewe hukumu ni sanduku lipi lililotiwa moyo wangu.

4. Bi Mashavu, dada yako, alikuja na wanawake wenzake hadi mlangoni kwangu kunisuta, mchana kweupe, kwa ngoma. Waliimba: "Sanduku la chuma, gagulo hamna!" Wimbo mzuri, sikatai. Lakini watoto wa mtaa wameushika, na jana muadhini, baada ya kuniitikia salamu, alikuwa akiuvumisha puani. Wakati huohuo sanduku la nguo liko gereji. Machano alilifungua akitafuta gia, akakuta udi, asumini na kanga. Gereji nzima inanukia fungate, na mafundi wanafutia mikono vitambaa ambavyo siwezi kuvitaja mbele ya mkwe.

5. Kwa hiyo naomba sanduku langu lirudishwe pamoja na neno la kuniomba radhi. Bila ya sanduku gari haiendi, bila ya gari mimi siwezi kufika Jambiani, bila ya mimi hapana nikaha, na bila ya nikaha Mwanakheir atazeekea ukumbini kwako kwa sababu ya ukaidi wenu. Na kama hamtaki kulirudisha, basi natoa shauri liwe desturi ya Unguja nzima. Kanga huchuja, udi huisha, bangili huvunjika. Lakini mume gani atamkimbia mke aliyekalia sanduku la gia la gari yake? Hiyo ndiyo dhamana ya ndoa, Mzee wangu, na mimi ndiye niliyeivumbua.

Nisalimie Bi Tabia hata kama haitiki. Msalimie Bi Mashavu na wapiga ngoma wake, na majirani wote waliochoka koo kwa ajili yangu. Mwanakheir msalimie polepole.

Wako mtiifu, akipenda Mungu mkweo,
Jaku

Baada ya sahihi: Hapo niliposema siwezi kufika bila ya gari, pafute. Nimekuja kwa gari ya abiria ya shamba, nimekaa barazani kwako tangu alasiri na sanduku la nguo miguuni, na sina uso wa kupiga hodi. Vilivyoingia grisi nimevifua kwa mikono yangu na havikutakata. Lile la Bedford kaeni nalo. Machano amepima, haliingii hata tukiikata sakafu yote. Nampenda mwanao, na zile kanga ningezichagua mwenyewe. Ameniona dirishani, amecheka mpaka amejishika ubavu, na sasa ananiashiria nizunguke uani. Bi Tabia amesimama nyuma yake na mkononi hana mchi. Basi Mzee wangu, barua hii ukiiokota hapa barazani, nakuomba usiisome.