Neno Lililomtoa Mwalimu Chumbani

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemshinda Mwalimu. Naandika kwa kalamu nyekundu ya kiwanda cha uchapaji ninakofanya kazi, ile ya kusahihishia prufu, kurasa za majaribio.

Ilikuwa hivi. Mama Mwenye Nyumba amepata barua kutoka kwa mkwewe, mke wa mwanawe baharia. Mkwe ni mtu wa ng'ambo, Kiswahili hajui, huandika Kiingereza. Mwalimu, mstaafu aliyepanga chumba cha mbele, akaisoma kibarazani wapangaji wote tukisikiliza. Akafika penye neno presently. Akasema maana yake ni baadaye kidogo: baharia atakuja, ila si leo wala kesho. Mama akanywea. Hajamwona mwanawe miaka sita.

Nikaomba nitazame kamusi yangu. Kusoma maneno ndiyo kazi inayonilisha, sibahatishi. Kamusi ni ya babu, jalada lilishang'oka. Inasema wazi: presently, mara moja, papo hapo. Mama akanishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu. Mwalimu akasema taratibu kwamba neno hilo lina historia ndefu. Nikamjibu historia abaki nayo yeye, sisi tunataka maana. Watu wakacheka. Fundi Cherehani, wa chumba cha pembeni, alicheka mpaka akaangusha sindano.

Chini ya mstari ule kuna mstari wa pili. Sikuumaliza. Mwanga ulikuwa hafifu.

Jumanne, 5 Machi

Mama kapiga deki nyumba nzima, kapaka chokaa ukuta wa uani. Kisha likaja nisilolitarajia. Chumba cha mbele ndicho chumba cha mwanawe. Amemwomba Mwalimu ahame, kwa heshima zote, machozi yakimlengalenga, lakini mwenye chumba yuko njiani. Mwalimu hakubisha. Alifunga vitabu vyake kwa kamba, akahamia stoo ya seremala mtaa wa pili. Nilimsaidia kubeba. Akanishukuru. Ningefurahi kama asingenishukuru.

Stoo haina dirisha. Maranda yanafika kwenye vifundo vya miguu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeusoma mstari wa pili. Unasema maana ile ya mara moja ni ya kale, na kwamba siku hizi neno hutumika kwa jambo litakaloendelea kungojwa kidogo. Nikaazima kamusi mpya ya bosi. Nayo inaongeza ya tatu: kwa sasa, hivi tulivyo. Neno moja, milango mitatu, na mimi nimemwingiza mama wa watu kwenye mlango uliozibwa.

Nilipotoka kazini nikapitia kituo cha mabasi kumwambia Mama, aliyekwenda kumngoja mwanawe. Yuko pale tangu asubuhi, kakaa kwenye benchi, kavaa gauni lake la zambarau na viatu vinavyombana. Kabla sijafungua mdomo akamwita mkata tiketi aje anione. Akamwambia huyu ndiye kijana msomi wa nyumbani kwangu. Mkata tiketi akanipa mkono. Nikasema, mama, nina neno nawe, nakuja sasa hivi. Nikazunguka nyuma ya choo cha kituo, nikaenda zangu nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Bado yuko benchi. Mimi nimepata dawa.

Nimechapa barua kiwandani wakati wa chakula, kana kwamba imetoka kwa mkwe. Inasema meli imechelewa, mama asisumbuke kwenda kituoni. Kiingereza safi. Nimeipitia mara tatu, hakuna koma iliyokaa vibaya. Nikaisukuma chini ya mlango wake alipokuwa hajarudi. Sasa nitakuwa nimesema kweli bila kusema.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuniletea mimi ile barua. Aliona vibaya kunisumbua tena, akampelekea Mwalimu stooni.

Mwalimu akaniita. Nilimkuta ameketi juu ya mbao, anakohoa vumbi, barua iko magotini. Bahasha haina stempu. Na chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo, pameandikwa jina la kiwanda chetu. Tunaliweka kwenye kila karatasi. Nimeipitia mara tatu.

Nilidhani atanisema. Akanieleza habari ya presently. Zamani, akasema, lilikuwa na maana uliyoisoma, papo hapo. Lakini watu walikuwa wakilisema kisha wanakawia. Bwana anaita, mtumishi anaitika presently, na bado amelala. Miaka ikapita hivyo mpaka msikilizaji naye akajua kwamba anayelisema hayuko karibu.

"Neno halikuoza lenyewe," akasema. "Lilifuata tabia ya wenyewe. Hata sisi, fundi akikwambia anakuja sasa hivi, unaweka chai jikoni au unaendelea na kazi zako?"

Nikakumbuka nilichomwambia Mama kituoni. Nikatazama maranda.

Mama hajaambiwa kitu. Mwalimu alisingizia miwani imepotea. Miwani ilikuwa puani mwake alipokuwa akinisimulia. Akasema barua ataichana, lakini la kumwambia Mama hilo ni langu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia. Nilikaa kwanza kwenye benchi, mabasi mawili yakaja yakaondoka. Miguu yake imevimba, viatu kavivua kaviweka kando. Nilieleza yote, hata bahasha.

Alijikanda miguu. Kisha akaniuliza nilijua lini. Nikasema Jumatano.

"Na Jumatatu, macho hukuwa nayo?"

Nikasema nilikuwa nayo.

Nilidhani atalia kwa ajili ya mwanawe. Wala. Akasema, "Kungoja nimezoea, mwanangu. Miaka sita nangoja, siku nne si kitu. Kumtoa mzee kitandani kwake ndiko sijazoea. Hilo umenifanyisha wewe."

Bado aliniita mwanangu. Afadhali angenizaba kibao. Nilimbebea viatu mpaka nyumbani, yeye peku, watu wakitutazama.

Jumapili, 10 Machi

Nimerudisha vitabu vya Mwalimu. Safari kumi na moja. Mtaa mzima ulikuwa vibarazani. Fundi Cherehani ameshanipa jina: Mara Moja. Watoto wamelipokea. Mwalimu alitaka kusaidia kubeba, nikakataa, naye akatembea kando yangu akikohoa, jambo lililokuwa zito kuliko vitabu. Mama alimwomba radhi mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimebeba ensaiklopidia, sina pa kuficha uso.

Jumatatu, 15 Aprili

Baharia alifika Alhamisi. Hakuna aliyekuwa kituoni. Amekuja na gari la mzigo, akamkuta mama yake akianika nguo. Alikataa katakata Mwalimu kuhamishwa tena, wametia kitanda cha pili mle chumbani. Mama anaimba tangu siku hiyo. Mimi nimetupa kamusi ya babu na kununua mpya, nene, toleo la mwaka huu, ili yaliyopita yasijirudie.

Imefanya kazi leo hii hii. Fundi Cherehani kaleta barua ya chuo cha ushonaji alichoomba nafasi. Inasema chuo kitafunguliwa momentarily. Nimefungua ukurasa mara moja: kwa kitambo kifupi tu. Maana yake milango itafunguliwa kidogo na kufungwa tena. Nikamwambia akimbie, asiwahiwe na wenzake. Kafunga duka, kapakia cherehani kwenye mkokoteni, kaondoka mbio. Chuo kiko mwendo wa siku nzima.

Neno lile lina maana ya pili, nimeona namba mbili na mwanzo wake, hivi karibuni, lakini fundi alikuwa na haraka. Mwalimu hakuulizwa. Alikuwa amelala usingizi wa mchana, sikuona sababu ya kumwamsha.