Kopo Langu la Dawa na Nesi Wenu Mpya

Ndugu Mkuu wa Zahanati,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni yule fundi viatu wa hapo kona, ninayekubandikia soli. Namshtaki kwako nesi wenu mpya, anayefundisha watu mambo ya afya kila Jumamosi.

Kabla yake tuliishi raha mustarehe. Chini ya meza yangu lipo kopo la biskuti. Aliyepata nafuu alileta humo vidonge alivyobakiza, anayeumwa akaja kuchukua. Niligawa kwa rangi: vyeupe vya kichwa, vya njano vya tumbo, vya rangi mbili kwa ugonjwa usioeleweka. Watu wakaniita Daktari, na sikufichi, jina lilinikaa vizuri.

Sasa tazama:

1. Nesi amewaambia wamalize dozi hata wakijisikia wazima. Na wanamaliza kweli! Kopo halijaona kidonge kipya tangu hapo.

2. Amewafundisha kuuliza dawa inatibu nini. Shemeji yangu, mpole wa watu, aliniuliza mbele ya wateja. Nikajifanya nakohoa.

3. Mjukuu wangu sasa anasoma tarehe kwenye pakiti. Amegundua vidonge vyangu vimemzidi umri, basi kila akipita anaviamkia shikamoo.

4. Mke wangu ndiye kapita kiasi. Ameondoa chumvi mezani, anadai kichwa kinachonigonga kila asubuhi ni presha, nije kwenu kupimwa. Yaani mimi, Daktari, nipange foleni na wagonjwa wangu!

Naomba nesi huyo ahamishiwe mbali, kwa watu wasio na maswali.

Nisalimie wahudumu wote, na mlinzi mwambie viatu vyake viko tayari.

Wako katika ujenzi wa afya,
Fundi Viatu

Nyongeza: Mwandiko umebadilika kwa sababu anaandika mke wangu. Kabla sijaituma barua hii, mdomo ulinienda upande na sindano ikanidondoka. Mke wangu hakugusa kopo. Dalili za kiharusi alizijua tangu darasa la Jumamosi, akanikimbiza kwenu. Nesi anasema tungechelewa, mkono huu usingeshika sindano tena. Niliogopa sana, ndugu yangu. Tafadhali asihamishwe, na Jumamosi mniwekee kiti cha mbele. Kopo tumelileta. Vidonge viteketezeni, mjukuu ameshaviaga kwa adabu zote.